Adhana ya Marehemu katika Filamu ya Mpwa Wetu

Muhuri wa msikiti wetu hukaa katika droo ya juu ya meza ya katibu, pamoja na daftari la michango, risiti za LUKU na kadi ndogo za kumbukumbu zilizohifadhi darsa, khutba na adhana za miaka mingi. Ufunguo wa droo hiyo tumekabidhiwa sisi. Kwa hiyo katika haya tunayoyasimulia hatuna wa kumtupia lawama: barua tuliisaini sisi, muhuri tuliugonga sisi, na kadi tuliitoa kwa mkono wetu wenyewe.

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa, anasomea utengenezaji wa filamu katika chuo kimoja upande wa Kinondoni. Kila siku ya masomo hupanda magari mawili kutoka Mbagala, na kurudi ni hivyo hivyo. Muhula huu walipewa zoezi: kila kikundi cha wanafunzi wanne kitengeneze mwanzo wa filamu ya taharuki, usiozidi dakika mbili na nusu. Filamu yenyewe haitakiwi, unatakiwa mwanzo tu, mithili ya fundi aliyeagizwa kuchonga mlango wa nyumba ambayo haitajengwa. Mmoja aliandika kisa, wa pili akashika kamera, wa tatu akawaongoza waigizaji, naye akapewa kuhariri na kutia muziki. Alitujia baada ya swala ya Alasiri akiwa na maombi mawili. Kwanza, ruhusa ya kupiga picha usiku katika uchochoro ulio nyuma ya msikiti. Pili, adhana ya Alfajiri "yenye sauti nzuri".

Tulimpa yote mawili. Hatukumuuliza adhana hiyo itakaa mahali gani katika filamu. Ukweli ni kwamba tulifurahi, tukadhani kijana ameikumbuka dini yake hata ndani ya masomo ya kamera.

Adhana tuliyompa ilikuwa ya marehemu muadhini wetu, mzee aliyeadhini hapo kwa zaidi ya miaka ishirini na kufariki mwezi wa Shaabani. Haikuwa sauti ya kushindania zawadi. Ilikuwa nene, yenye mkwaruzo kidogo, na alikuwa na desturi ya kuivuta shahada ya pili kuliko ya kwanza, hata watoto wa madrasa wakawa wanamwigiza kwa mapenzi. Watu wa mtaa wetu waliipangia maisha sauti hiyo. Mama muuza vitumbua alikuwa akiinjika kikaango anapoisikia, na dereva wa bodaboda alijua kwayo kwamba abiria wa kwanza wa Kariakoo wako njiani.

Usiku wa Jumamosi moja baada ya Isha mpwa wetu alituita sebuleni kwa dada kutuonyesha kazi yake kabla hajaipeleka chuoni. Tulikuwa pamoja na dada, mama yetu mzazi na watoto watano au sita. Binti wa marehemu muadhini, ambaye ni jirani wa ukuta kwa ukuta, aliingia kurudisha sinia la watu. Dada akamwambia, "Kaa kidogo shoga, mtoto ametengeneza sinema, na sauti ya Baba imo." Akakaa ukingoni mwa kochi, sinia likiwa bado mapajani.

Filamu ilianza kwa giza. Katika giza hilo ikasikika takbira ya kwanza, na binti yule akatabasamu, akasema taratibu, "Baba huyo." Kisha ukaonekana mnara wetu, mweusi mbele ya mawingu. Baada ya mnara, uchochoro. Ndani ya uchochoro, mtu aliyevaa koti lenye kofia, uso hauonekani, panga likining'inia mkononi. Baada ya mtu yule, msichana amelala ndani ya chandarua. Mtu, msichana, mtu, msichana, na kila picha fupi kuliko iliyotangulia. Adhana ikaendelea juu ya yote hayo, na chini yake ukavuma muziki mzito wa kinanda. Muadhini alipofika kwenye yale maneno ya Alfajiri yanayowaambia watu kwamba swala ni bora kuliko usingizi, kamera ilikuwa juu ya uso wa msichana aliyelala na kivuli cha panga kilikuwa kimeanza kupanda kwenye chandarua. Kisha mshindo mkubwa kama wa bomu, na jina la filamu likatokea kwa herufi nyekundu.

Watoto walipiga makofi. Mama yetu hakupiga. Ule mshindo ulikuwa umemnyanyua kutoka kwenye kiti, na mkono wake ulikuwa kifuani. Wasomaji wa Mbagala hawahitaji kuelezwa, ila kwa wengine tukumbushe kwamba Aprili 29, 2009 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya Mbagala yaliripuka, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Siku ile mama yetu alimbeba mpwa wetu huyu mgongoni, mtoto mdogo asiyejua lolote, akakimbia naye barabara ya Kilwa bila kujua anakwenda wapi. "Mjukuu wangu," alisema alipopata pumzi, "sisi mshindo tunaujua. Usituletee sebuleni."

Binti wa marehemu alikuwa ameshasimama. Aliweka sinia mezani, akajifunga vizuri mtandio wake, akatuaga kila mmoja kwa jina lake, akatoka. Hakulalamika. Laiti angelalamika.

Habari haikulala. Siku ya Jumatatu kamati ilikaa, na mzee mmoja akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Kwa hiyo Katibu, huyo muuaji katoka msikitini kwetu?" Tulimweleza kwamba kijana hakukusudia hivyo, kwamba mnara ulipigwa picha siku nyingine kabisa na yule mwenye panga hakuwahi kupita kwenye mlango wa msikiti. Mzee akajibu kwamba yeye haulizi kilichokusudiwa, anauliza kilichoonekana.

Hapo alikuwa amegusa kiini cha kazi ya mhariri wa filamu bila kukisomea. Karibu na mwaka wa 1920 Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alichukua picha ileile ya uso wa mwigizaji, akaiunganisha mara na sahani ya supu, mara na jeneza, na watazamaji wakaapa kwamba uso ule mara ulikuwa na njaa na mara ulikuwa na huzuni, ilhali haukuwa umebadilika hata kidogo. Picha mbili zikifuatana, mtazamaji huzaa ya tatu kichwani mwake. Mpwa wetu aliweka mnara, akaweka muuaji, akaweka adhana kuwa kamba ya kuwafunga pamoja. Kilichobaki kila aliyetazama alijifungia mwenyewe.

Kikao kiligawanyika. Wako waliotaka filamu ifutwe moja kwa moja. Wako waliohamisha mjadala kwenye muziki, na hapo ilibidi tufungue daftari zetu za chuo. Ni kweli kwamba jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne wamezikataza ala nyingi za muziki na kuliruhusu dufu, na ni kweli pia kwamba Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka wa 1064, alizidhoofisha hoja za kukataza, na Imam Ghazali akaliwekea suala la usikilizaji kitabu kizima ndani ya Ihyaa, akipambanua wakati, mahali, watu na kinachosikilizwa. Lakini tulidhani, na mpaka sasa tunadhani, kwamba kinanda hakikuwa msiba wa usiku ule. Msiba ulikuwa adhana, ambayo ni katika alama za Mwenyezi Mungu ambazo Suratul Hajj imetutaka tuzitukuze, kugeuzwa kengele ya kuchinjia. Mjumbe mmoja mwenye nia njema alipendekeza kijana atumie dufu badala ya kinanda. Tulimwomba radhi. Dufu la maulidi nalo lina kosa gani hata lipewe kazi ya kutisha watoto?

Ikaamuliwa katibu aende akalishughulikie, kwa kuwa ndiye aliyegonga muhuri. Uamuzi ulikuwa wa haki.

Tulikaa na kijana usiku mara tatu, baada ya Isha, mbele ya kompyuta yake iliyofungwa kwa gundi ubavuni. Usiku wa kwanza tulikwenda tukiwa na maneno mengi ya kumwambia. Tulimwambia aitoe adhana, akaitoa mbele yetu kwa kidole kimoja. Kisha akasema, "Haya Mjomba, tazama sasa."

Tukatazama. Ilikuwa imekufa. Yule mtu wa kutisha alikuwa kijana wa jirani aliyevaa koti kubwa akitembea katika uchochoro tunaopita kila siku, na usingizi wa msichana ulikuwa wa kuigiza. Lile panga lilionekana kuwa la kufyekea nyasi, na ndilo lilivyo.

"Nikiitoa hakuna anayeogopa," alisema.

"Na ulijuaje kwamba ukiiweka wataogopa?"

Alinyamaza. Alikuwa hajapata kuulizwa. Mwisho alisema, "Ndivyo wanavyofanya, Mjomba. Ukitaka mtu ajue kuna hatari, unaanza na adhana."

Ndivyo wanavyofanya. Kijana aliyezaliwa Mbagala, aliyeamshwa na adhana hiyo tangu yuko kwenye kitanga, amefundishwa na filamu za watu wa mbali kwamba adhana ni dalili ya hatari. Akatuonyesha. Ile filamu ya Marekani ya mwaka wa 2014, American Sniper, iliyoongozwa na Clint Eastwood, hufunguka kwa adhana kabla picha ya kwanza haijaonekana, na kinachofuata ni kifaru cha kivita barabarani. Hakuna aliyesema neno baya juu ya Uislamu katika sekunde zile, wala hapakuhitajika. Profesa Jack Shaheen, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, alichunguza filamu zaidi ya 900 za Hollywood na kuandika mwaka wa 2001 kitabu juu ya namna Waarabu wanavyochorwa humo kuwa watu wa kuogopwa na kudharauliwa. Sisi tulikuwa tunakijua kitabu hicho kwa kusikia, na tulikuwa tukikitaja hata katika darsa za vijana. Hatukujua kwamba somo lake limekaa sebuleni kwa dada yetu, likipigiwa makofi na watoto wetu.

Lakini swali la kijana lilikuwa bado liko mezani, nalo ni swali la kazi: kama si adhana, ni nini? Mwanafunzi hawezi kupeleka zoezi lililokufa akasema Mjomba wake kakataa. Na sisi, ambao tulikuja kukataza, tukajikuta usiku wa pili tunasoma.

Alitusimulia habari za Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka wa 1960. Hitchcock alitaka tukio la mauaji ya bafuni liwe bila muziki, mtunzi Bernard Herrmann akatunga hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock alipousikia akabadili rai. Akatusimulia Halloween ya mwaka wa 1978. Mwongozaji wake, John Carpenter, aliwahi kueleza kwamba alimwonyesha filamu hiyo ofisa mmoja wa kampuni kubwa ikiwa haijatiwa muziki, na ofisa huyo hakuogopa hata kidogo. Carpenter akaketi kwenye kinanda akatunga mwenyewe, kwa hesabu ya mapigo matano ambayo baba yake alimfundisha utotoni kwa ngoma ndogo za bongo. Filamu ileile ikawa jinamizi.

Hapo nasi tukapata la kumwambia. Halloween imetengenezwa kwa fedha zilizoletwa na Moustapha Akkad, Muislamu mzaliwa wa Aleppo, Syria. Ndiye yule aliyeongoza Ar-Risalah, filamu ya mwaka wa 1976 ambayo Waislamu wengi wa rika letu wameiangalia mara zisizo na idadi, wengine wakilia pale Bilali anapopanda juu ya Kaaba kuadhini. Katika filamu hiyo Mtume (s.a.w) haonekani wala sauti yake haisikiki. Akkad alifariki mwaka wa 2005 kwa majeraha ya mabomu yaliyoripuliwa katika hoteli za Amman, akiwa na binti yake, ambaye naye alifariki. Mtu huyohuyo alijua filamu ya kutisha ni biashara gani, na alijua pia kuna mambo ambayo kamera haiyagusi. Mpwa wetu hakuwa anajua kwamba ni mtu mmoja. Alitutazama kwa muda, na tulihisi kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuanze alikuwa anatusikiliza na si kutuvumilia.

Jibu lilitoka kwenye ukuta wa nyumba. Ilikuwa yapata saa tano usiku, tumeshachoka, na kile kifaa cha LUKU kikaanza kulia: mlio mmoja mfupi, kimya, mlio mmoja mfupi, kimya. Dada yetu akaita kutoka chumbani, "Nani atanunua umeme? Unakatika huo!" Na mpwa wetu, badala ya kwenda kununua, akanyanyua simu akaanza kuurekodi.

Tuliacha umeme ukatike. Feni ya darini ilizunguka, ikapunguza, ikatoa mkwaruzo kila mara pangaboi moja lilipopita, ikasimama. Akarekodi yote hayo. Kisha akatuomba tunyamaze, akarekodi kunyamaza kwetu kwa nusu dakika nzima. Alitueleza kwamba katika filamu huwezi kuacha pengo likawa tupu, kwani sikio la mtazamaji litadhani spika imeharibika, kwa hiyo hata ukimya lazima uchukuliwe na kuwekwa. Ukimya wa nyumba ya Mbagala usiku, tukausikiliza: maji yanadondoka kwenye ndoo, mbwa kwa mbali, gari la mwisho likielekea Rangi Tatu, na mtu anapita nje kwa kandambili kwenye mchanga uliolowana. Zile kandambili ndizo zilizotusimamisha nywele. Mtu alikuwa anakwenda kwake kulala tu.

Usiku wa tatu alipanga upya. Filamu ilikuwa na mikato 41, akaibakisha 19. Picha zikawa ndefu. Mnara hayumo tena, wala kinanda, wala mshindo. Aliongeza picha moja tu mpya, taa nyekundu ya kile kifaa ikiwaka ukutani juu ya kichwa cha msichana aliyelala. Mlio unaanza kila baada ya sekunde tano. Tunaona uchochoro, mlio bado unasikika. Tunaona koti, kandambili zinasikika kabla miguu haijaonekana. Alitueleza kwamba sauti ikitangulia picha, mtazamaji huivuta picha ije kwa woga wake mwenyewe. Mlio ukawa kila sekunde nne, kisha tatu. Kifaa halisi hakiharakishi namna hiyo. Tulimwambia huo ni uongo, akasema ndiyo, na tukauruhusu. Kisha picha inakatika, giza tupu, na katika giza feni inakufa polepole. Ule ukimya wa nusu dakika akaukata ukabaki sekunde saba. Ndani yake komeo la mlango likasogea. Jina la filamu likaja bila sauti yoyote.

Panga sasa linaonekana kwa chini ya sekunde moja, yaani picha zisizofika 25. Tulidhani tumeliona kwa muda mrefu zaidi.

Tuliwaonyesha wazee watatu wa kamati. Mmoja aliuliza kama ule mlio wa LUKU hauhesabiki kuwa ala ya muziki, na mpaka leo hatujajua kama alikuwa anatania. Mama yetu alitazama mpaka mwisho, akaenda kuhakikisha mlango wa uani umefungwa.

Chuoni, kwa maelezo ya kijana, mwalimu aliuliza muziki uko wapi. Alipojibu kwamba muziki ni LUKU darasa lilicheka. Alama hazijatoka.

Ilibaki nyumba ya jirani. Tulikwenda na dada, tukamwomba radhi binti wa marehemu, tukamweleza kwamba sauti imetolewa na nakala zote zimefutwa. Alitusikiliza, akatukaribisha chai, akasema amesamehe. Hatukuwa na hakika.

Juma lililofuata alikuja mwenyewe ofisini baada ya Adhuhuri, amekunja karatasi ndogo yenye kadi ya simu ndani yake. "Ustadh Katibu," alisema, "naomba ile adhana ya Baba. Lakini bila picha." Tulifungua kompyuta ya msikiti, na kwa kuwa mpwa wetu alikuwa ameturudishia kadi ikiwa na vipande viwili, tulimchezea kile alichokisafisha, tukidhani ndicho bora. Humo hapakuwa na mvumo wa kipaza sauti wala jogoo wa jirani. Alisikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa.

"Siyo hii. Siku hii Baba alikuwa na kifua. Aliporudi nyumbani nilimchemshia tangawizi."

Tukafungua cha asili. Kipaza sauti kikavuma, marehemu akakigonga mara mbili kwa kidole, akaadhini mpaka mwisho. Kisha, kabla hajakizima, akakohoa, kikohozi kirefu cha mzee, akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini isiyokusudiwa kusikika na mtu, na swichi ikalia.

Alisimama kimya akiwa ameshika ukingo wa meza. Akatuomba turudishe pale mwisho tu, baada ya adhana. Tulirudisha, na aliposikia swichi akaomba tena.